Jani Nene la Chini ya Mgomba

Mkuu wa kituo chenu amenitumia ujumbe kwenye simu, ananiomba niwaandikie nyie vijana mnaoanza kazi maabara "maneno mawili matatu ya kuwatia moyo". Niliusoma nikiwa namenya magimbi jikoni, nikacheka peke yangu. Kutia watu moyo sijawahi kusomea. Kazi yangu ilikuwa kukausha majani, kuyasaga, kuyaloweka kwenye spiriti, kuchuja, kudondosha matone na kuandika nilichokiona. Basi nitaandika nilichokiona. Kama hakifai kubandikwa kwenye ubao wenu wa matangazo, fungieni maandazi.

Mimi ni Atuganile, ila pale kituoni tangu nizae mtoto wa kwanza wananiita Mama Lusajo. Niliingia kuosha chupa, nimetoka kidato cha nne na matokeo ambayo sitayataja hapa. Nimestaafu nikiwa mtu wa maabara mwenye funguo za stoo. Kati ya zile chupa na zile funguo nilijifunza mmea mmoja kuliko mingine yote, mshubiri, na kwa mmea huo huo nikampoteza mtoto niliyemlea. Nalisema mapema ili asiwepo wa kudhani habari hii inaishia kwenye keki ya kuagwa.

Kituo chetu kilitafuta kemikali zilizomo kwenye mimea ya nchi kavu, ile inayoota jangwani na kwenye mawe ambako mvua ni mgeni. Msiniulize kwa nini kazi ya mimea ya jangwani iliwekwa Tukuyu, mahali ambapo soksi ukizifua Jumatatu unaenda nazo kanisani Jumapili zikiwa bado mbichi. Wakubwa walikuwa na jengo, na jengo lilikuwa hapa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Chilongani, Mgogo aliyetoka Dodoma na gunia la majani na makoti mawili, na yote mawili aliyavaa kwa pamoja. Wiki ya kwanza alinipa majani ya shubiri niyakaushe. Nikayapanga kwenye sinia vizuri, nikayafunika na kitambaa safi, nikaondoka nimejipongeza. Baada ya siku nne majani yalikuwa yameota ndevu. Mzee alisimama mbele ya lile sinia muda mrefu, amekunja mikono.

"Binti," akasema, "huku kwenu hata kuni zinaumwa kifua."

Basi shikeni hili, maana mtalihitaji kesho asubuhi. Jani la shubiri ni maji matupu. Lipasue kwa urefu, likate vipande vyembamba, litandaze kwenye wavu na si kwenye sinia, halafu weka jiko la mkaa uliokwisha kushika vizuri, mlango na dirisha wazi. Moshi ukiingia kwenye jani, utakachopima ni moshi. Likikauka sawasawa linavunjika kwa mlio. Likipinda tu bila kuvunjika, usilisage, bado lina uongo ndani. Nyie mna mashine ya kukaushia, najua. Siku umeme ukikatika mtanikumbuka.

Mzee alikuwa na mashine yake nyingine, ulimi. Kabla ya kuloweka sampuli yoyote alichovya kidole kwenye ule utomvu wa njano unaotoka chini ya ganda, akaonja, akakunja uso, akasema, "Hili limetoka kwenye mwamba," au, "Hili limekaa karibu na kisima." Na mara nyingi alipatia. Mimi nikaona nami nijue kuonja. Yeye aligusisha ncha ya ulimi, mimi nikalamba kidole kizima, tena mara tatu, kwa kuwa sikutaka aone nimeogopa. Watu husema chungu kama shubiri bila kujua wanasema nini. Uchungu wenyewe si kitu. Ule utomvu ni wa kuharisha, na asubuhi yote ile nilikuwa chooni, Mzee akiniletea maji na kuniuliza kupitia mlangoni, kwa heshima zote, kama nimeshaandika matokeo.

Sasa niwaeleze taa, maana bila taa hamtanielewa.

Mnachukua sahani ya kioo iliyopakwa unga mweupe, mnadondosha tone la jani lililolowekwa, mnaisimamisha kwenye chupa yenye dawa kidogo ya kuyeyushia chini. Dawa inapanda taratibu, inazibeba zile kemikali, kila moja inachoka mahali pake. Kwa macho huoni kitu cha maana. Ukiipeleka chini ya ile taa yenye miale isiyoonekana, sahani nzima inawaka kijani, na pale ambapo kuna kemikali inayoimeza miale unaona doa jeusi. Miale ile ni jamaa ya ile ya jua inayounguza ngozi. Doa jeusi maana yake kuna kitu kimesimama mbele ya miale na kuizuia isipite.

Mara ya kwanza kuona nilihesabu kwa kidole. Majani ya Dodoma yalitoa madoa meusi ti, manne kwa mstari. Mzee akaniambia maneno ambayo ningeyashika vizuri, leo nisingekuwa naandika haya.

"Mmea hauna miguu, Atuganile. Mbuzi akichomwa na jua anakwenda kivulini. Huu umekaa pale pale mpaka ufe. Kwa hiyo unajitengenezea kivuli ndani ya ngozi yake. Ndiyo maana kwetu shubiri ni nyembamba, nyekundu, mbaya kuitazama. Ukiona jani jekundu, ujue linapigana."

"Na ukiupeleka kivulini?"

"Ukiupa kivuli cha bure, utengeneze chake cha nini?"

Niliandika kwenye daftari. Daftari bado ninalo.

Huyo mtoto niliyemtaja ni Subilaga, binti wa mdogo wangu. Mdogo wangu alifariki Subi akiwa anatambaa, nikamchukua. Alizaliwa na ualbino. Nywele zake zilikuwa rangi ya nyuzi za mahindi, macho hayatulii, na ulimi wake ulikuwa mkali. Alikuwa akiniita mama. Muuguzi wa kliniki alinipa maagizo akiwa bado mgongoni: kofia pana, mikono mirefu, asikae juani, apake yale mafuta ya kliniki ya kuzuia jua, na kila baada ya miezi aletwe ngozi ikaguliwe. Niliyafuata. Mtoto alikua na kofia kichwani hata ndani ya nyumba.

Alipomaliza shule akapata kazi ya kuchuma chai. Shamba la chai ni wazi, hakuna mti. Wenzake walimtania kofia yake, wakaiita mwavuli, wakamwuliza kama anaogopa mawingu. Kwa sababu hapa kwetu, wanangu, watu wanaamini hakuna jua. Tunaamka na ukungu, tunashinda na mawingu, mlima Rungwe tunauona siku unapoamua wenyewe. Mtu akikwambia Tukuyu kuna jua la kuua, unamwuliza ametoka wapi. Lakini miale haiangalii wingu kama tunavyoliangalia sisi, na huku juu milimani ni mikali kuliko unavyohisi ngozini. Hilo nalo nililijua. Nilikuwa nalisoma kazini kwa mshahara.

Yale mafuta ya kliniki yalikuwa yanakosekana miezi, yakija yanakuja kidogo. Ndipo nikapata wazo langu. Nikamwomba Mzee Chilongani machipukizi machache ya shubiri ya Dodoma, nikayapanda mbele ya nyumba, kwenye changarawe, kama alivyonielekeza. Yakashika. Baada ya muda yakawa mekundu, membamba, yamekunjamana.

Na hivi ndivyo sisi watu wa Rungwe tulivyo. Kwetu mmea ukinyauka mbele ya nyumba yako, mwenye aibu ni wewe. Mtu akipita akaona jani jekundu haoni jani linalopigana, anaona mwanamke mvivu. Jirani yangu alisimama barabarani, akayatazama, akaniuliza kwa upole kama siku hizi mume wangu hafugi ng'ombe. Maana yake: samadi iko wapi? Mume wangu, Mungu amrehemu, alisema kile kitu kinamtia huzuni kila anapotoka kwenda kazini. Sisi kila kitu tunakipanda chini ya migomba. Kahawa iko chini ya migomba, magimbi chini ya migomba, maharage, hata wafu wetu wengine tumewazika humo humo. Migomba ndiyo nyumba. Kitu kikiteseka juani, unakiingiza ndani.

Nikayang'oa yale machipukizi, nikayaingiza migombani. Nikayapa samadi. Wakati wa kiangazi nikayamwagilia. Ndiyo, nilimwagilia mmea wa jangwani, na majani makavu ya migomba nikayafunga miguuni mwake kama blanketi.

Yalinenepa. Mngeyaona mngenipa zawadi. Jani moja lilikuwa pana kuliko kiganja changu, kijani kibichi, ukilikata ute unamwagika mpaka kiwiko. Jirani akasema, "Sasa ndiyo unalima, Mama Lusajo." Nami nikaona jani kubwa lina dawa nyingi. Nikasahau daftari. Kwa kweli sikusahau, nilifikiri daftari ni la kazini na hapa ni nyumbani.

Nikatengeneza mafuta. Ute wa shubiri, na utomvu wake wa njano kidogo, maana ndimo yalimo yale madoa meusi. Mafuta ya parachichi, nta ya nyuki ili yashike ngozini. Yalitoka laini, yana harufu nzuri ya nta, na ngozi ya Subi ikaacha kukwaruza ndani ya wiki moja. Midomo iliyokuwa inapasuka ikapona. Alijitazama kwenye kioo, akaniambia, "Mama, leo nimekuwa na ngozi kama ya watu." Nilifurahi kiasi cha kushindwa kula.

Siku hiyo, au ya pili yake, akaniuliza kama bado avae kofia shambani. Nilikuwa nasugua sufuria. Nikamjibu bila kugeuka, "Mafuta hayo yana ukuta ndani, nimeuona kwa macho yangu chini ya taa. Kofia uvae kanisani tu."

Nimeandika sentensi nyingi maishani mwangu, ripoti na ripoti, nikazisahau zote. Hiyo moja nalala nayo na kuamka nayo.

Acha niwaambie jambo la aibu la kiufundi, kwa kuwa hii ni barua ya kazi. Mimi ndiye niliyekuwa nakataa sampuli za watu. Mzee wa kijiji cha Nkunga akileta mizizi yake anasema inakinga ini, namwambia tuipime kwanza. Mama wa kule Masoko akileta gome anasema babu yake alipona kwa hilo, namwambia babu si kipimo. Miaka yote ile sikuwahi kuchukua jani la migombani kwangu nikaliweka kwenye sahani. Ilikuwa kazi ya nusu siku. Sahani zilikuwepo, taa ilikuwepo, funguo nilikuwa nazo mfukoni. Mganga hajigangi, wanasema. Mimi sikujipima kwa sababu nilijiona ndiye kipimo.

Subi akawa anachuma chai kichwa wazi. Alipendeza, alicheka, wasichana waliomtania wakamwomba na wao wapake. Akawagawia. Hakuwa mchoyo, na mama yake mzazi hakuwa mchoyo vilevile. Aligawa na machipukizi. Kila mwenye mtoto kama yeye, na wengi wasio na mtoto kama yeye, alimpelekea chipukizi kwenye ndoo akamwonyesha namna ya kuchemsha nta. Aliwaambia wapande chini ya migomba, ndiyo yananenepa. Nilimsikia akiwaambia, nikaona fahari.

Kidonda kilianzia nyuma ya sikio. Akasema ni tawi la mchai lilimkwaruza. Tukapaka. Na sikilizeni ubaya wa kitu hiki: shubiri inatuliza kweli. Ute wake unapoza, unalainisha, unaondoa mwasho. Kidonda kikawa hakiumi. Kingeuma, angelia, tungekwenda hospitali. Kilikaa pale kinatulizwa, kinakua polepole, nasi tunakipaka asubuhi na jioni. Kliniki ya kukagua ngozi tulikuwa tumeiacha kwa kuwa ngozi ilikuwa nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi hatukuficha. Tulikuwa tunakitibu.

Kilipoanza kutoa maji yenye harufu ndipo tukaenda Mbeya. Daktari alikuwa kijana, ana sauti ya chini. Alipapasa shingo ya Subi, akakuta uvimbe, akaniuliza swali moja tu.

"Mama, huyu alikuwa anavaa kofia?"

Subi akajibu kabla yangu. "Nilikuwa navaa. Niliivua mwenyewe, kwa kupenda kwangu."

Alinidanganyia mbele ya daktari, akiwa amekaa kwenye kitanda kile na shingo imevimba. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, sikuusema. Hilo nalo liingizeni kwenye barua.

Tulikwenda na kurudi, Mbeya na Dar, mionzi na dripu. Sitawaeleza. Alifariki nyumbani, mchana, mvua ikinyesha, ameshika mkono wangu. Alizikwa migombani, pembeni ya mama yake, na ile shubiri nene ilikuwa imeota mpaka karibu na kaburi, waombolezaji wakawa wanaikanyaga.

Nilibakiza majuma machache kustaafu. Jumamosi moja asubuhi nilikata jani la migombani, nikalichukua na jani kavu la Dodoma lililobaki stoo, nikaingia maabara. Nilifanya kila kitu kama Mzee alivyonifundisha, kwa wavu na mkaa, nikangoja jani livunjike kwa mlio. Niliyaloweka, nikachuja, nikadondosha matone mawili kwenye sahani moja, la kushoto Dodoma, la kulia kwangu. Nikangoja dawa ipande. Nikazima taa ya chumba, nikawasha ile nyingine.

Kushoto madoa manne, meusi ti. Kulia, doa moja hafifu, ungeweza kudhani ni uchafu wa kidole. Sehemu iliyobaki ilikuwa inawaka kijani kizuri.

Nilirudia mara tatu. Nilitaka nikosee, mimi ambaye maisha yangu yote nilichukia kukosea.

Nikampigia Mzee Chilongani. Yuko kwao, hasikii vizuri, mjukuu wake alimshikia simu sikioni. Nilimweleza yote, migomba, samadi, maji, na nikamwomba anieleze jambo moja: kama ningeyaacha yale majani juani, mekundu, mabaya, kama kule kwao, je, Subi angekuwa hai?

"Hata jani letu la Dodoma, binti yangu," akasema, "linalikinga jani. Mtu ukimpaka safu nyembamba vile, unategemea nini? Mimi mwenyewe nikichunga nilivaa kofia. Wewe uliniona lini bila kofia?"

Kweli, sijawahi kumwona bila kofia.

Kwa hiyo nilikosea mara mbili. Nililichukua jani lisilo na kitu nikasema lina kitu, na hata lingekuwa nacho, kisingekuwa ukuta wa mtu. Kemikali ile ni kazi ya mmea kwa ajili ya mmea. Sisi tunaikuta humo, tunaipa jina refu, tunaiandikia ripoti, halafu tunadhani ilikuwa inatungoja sisi. Kuna nyakati inatusaidia, sikatai, nimefanya kazi hiyo na sitaitukana. Lakini kati ya doa kwenye sahani na shingo ya mtu kuna njia ndefu, na mimi niliiruka kwa sentensi moja nikisugua sufuria.

Mnataka ushauri? Pimeni cha nyumbani kwenu kabla ya kupima cha jirani. Mkiona kitu kinatuliza, ulizeni kinaficha nini. Ni ushauri mzuri na haumsaidii mtu yeyote niliyempenda.

Niling'oa shubiri yangu yote. Nilitumia siku mbili, nikaitupa shimoni nikaichoma, ikakataa kuungua kwa sababu ya maji. Kisha nikaanza kuzunguka kwa watu. Nilikwenda Nkunga nyumba saba, Masoko sijui ngapi. Niliwaambia, mafuta haya hayazuii jua, valisheni watoto kofia. Walinikaribisha, wakanipa chai, wakanipa pole ya msiba. Mmoja akasema huzuni imeniingia kichwani. Mwingine akadhani nimepata mnunuzi nataka kubaki na dawa peke yangu. Hakuna aliyeng'oa hata shina moja. Mtu atang'oaje mmea ulionenepa namna ile?

Mwezi uliopita nilishuka Kiwira kununua sabuni. Pale barabarani wanapouza ndizi, mama mmoja alikuwa amepanga mikungu yake chini, na pembeni, juu ya gunia, amekaa mtoto wa kike wa miaka miwili hivi, mwenye ualbino. Ilikuwa saa saba mchana. Ukungu ulikuwa umeinuka. Mtoto hakuwa na kofia, paji la uso linang'aa.

Nikainama. Sikuhitaji taa. Ilikuwa harufu ya nta na parachichi.

"Si Mama Lusajo huyu?" yule mama akasema, akainuka kunisalimia na kunishukuru kwa mikono miwili. "Ndaga fijo, mama. Ndaga fijo. Mimi ni wa Masoko. Marehemu Subilaga ndiye alinipa chipukizi. Mtoto ngozi imekuwa laini, siku hizi hata kofia hatumsumbui nayo."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, taratibu, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, nikimshika mkono. Nikamwambia Subilaga amekufa kwa kansa ya ngozi, na kansa ile imeletwa na jua, na mafuta niliyatengeneza mimi na hayafai. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mtu mzima aliyefiwa. Nilipomaliza akatazama juu, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mlima, akanitazama tena kwa huruma.

"Jua gani, mama, huku kwetu?"

Nilifungua kilemba changu kichwani, nikamfunga mtoto, nikakivuta mpaka kwenye nyusi na masikioni. Mtoto alinikodolea macho yasiyotulia, kama ya Subi. Yule mama akashukuru tena. Gari la Tukuyu likaja, nikapanda, nikakaa dirishani nimeshika kichwa changu kitupu.

Lilipoanza kuondoka niligeuka kutazama. Mawingu yalikuwa yamepasuka kidogo. Mtoto alikuwa ameshakivua kilemba. Mama yake alikiokota, akakikung'uta vumbi, akakitandaza juu ya mikungu yake ya ndizi zisiungue.